Tarihi za Pwani kama Ushahidi wa Historia: Kukisoma Upya Kitabu cha Kilwa

Utangulizi

Tarihi za kale za Pwani ya Afrika Mashariki zimeishi maisha ya yatima katika vyuo vyetu. Mwanafunzi wa fasihi anapokutana nazo huzipeleka kwa jirani yake wa idara ya historia, kwa kuwa zimejaa majina ya wafalme na miaka ya kutawala. Mwanahistoria naye, akikuta ndani yake ndoto ya panya mwenye mdomo wa chuma na kisiwa kilichonunuliwa kwa vitambaa, huzirudisha kwa mhakiki wa fasihi. Matokeo yake ni kwamba zimetajwa mara nyingi na kuhakikiwa mara chache.

Makala haya yanadai kwamba tarihi ni shahidi wa nyakati mbili. Ni shahidi wa wakati inaousimulia, na ni shahidi wa wakati ilipoandikwa. Na ushahidi huu wa pili lazima uhojiwe kwanza. Ni nani aliyeandika? Alimwandikia nani, na kwa ugomvi gani? Maswali haya ni ya uhakiki wa matini. Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ndiye anayefungua mlango ambao mwanahistoria ataupitia. Ili kuthibitisha dai hili tutajikita katika tarihi ya Kilwa, kisha tutazame kwa ufupi ile ya Pate.

Jambo lenyewe si la maktaba tu. Juu ya tarihi hizi pamejengwa majibu ya swali ambalo limewagharimu watu wa Pwani heshima na haki zao: Waswahili ni akina nani? Waandishi wa enzi ya ukoloni, kama vile Reginald Coupland (1938), waliuona mwambao kuwa uwanja wa wageni waliovamia na kujenga, huku Mwafrika akiwa mtazamaji. Wasomi waliofuata baada ya uhuru walilikataa wazo hilo kwa haki kabisa, lakini baadhi yao walizitupa tarihi pamoja na tafsiri mbaya ya tarihi. Pande zote mbili zilikuwa na kosa moja: zilisoma hekaya ya asili kana kwamba ni taarifa ya karani wa bandari, upande mmoja ukaiamini na upande mwingine ukaikanusha.

Utanzu wa tarihi

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Watafiti wa Ulaya ya Zama za Kati walikabiliana nalo katika tarihi za Kilatini. Tarihi ya karne ya 7 inayohusishwa na jina la Fredegar yasema kwamba Wafaranki ni uzao wa watu wa Troya. Geoffrey wa Monmouth, katika karne ya 12, akawapa Wabritoni babu aitwaye Brutus, naye pia wa ukoo wa Troya. Widukind wa Corvey, akiandika katika karne ya 10, anasimulia jinsi kijana wa Kisaksoni alivyonunua kwa dhahabu pindo lililojaa udongo, kisha akaunyunyiza udongo huo juu ya ardhi kubwa ili watu wake wapate kudai kuwa wameinunua. Katika Geoffrey, Hengist anaomba kipande cha ardhi kinachoweza kuzungukwa na ukanda mmoja wa ngozi; anapokubaliwa, anaikata ngozi ya fahali kuwa ukanda mwembamba mrefu na kuzungushia mahali pa kujenga ngome.

Tangu karne hiyohiyo ya 12 alikuwepo William wa Newburgh aliyemshutumu Geoffrey kwa uongo, na katika karne ya 16 Polydore Vergil alimkana Brutus waziwazi. Lakini uhakiki wa aina hii, ingawa ulikuwa wa lazima, uliishia kwenye kusema kweli au uongo. Hatua kubwa zaidi ilikuja pale wataalamu kama Susan Reynolds (1983) walipouliza swali tofauti: hekaya hizi za asili za mataifa zilifanya kazi gani kwa watu waliozisimulia? Jibu likawa kwamba zilikuwa lugha ya siasa. Kusema “sote tumetoka Troya” kulikuwa ni kusema “sisi ni watu wamoja, na mfalme wetu ni halali.”

Hatuazimi jibu hilo ili kuifunika Kilwa kwa nguo ya kigeni. Tunachoazima ni utaratibu wa kuuliza. Tarihi za Pwani zina asili yake katika uandishi wa Kiislamu wa nasaba na habari za miji, na katika masimulizi ya wenyeji kuhusu nani alifika kwanza na nani alipewa ardhi na nani. Mikondo hiyo miwili ndiyo iliyokutana Kilwa.

Matini mbili, ugomvi mmoja

Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni muhtasari wa Kireno uliomo katika Década ya kwanza ya João de Barros, iliyochapishwa Lisbon mwaka 1552. Barros alikuwa afisa wa Casa da Índia, hakuwahi kuiona Kilwa, na habari zake zilitokana na maandishi ambayo Wareno waliyapata huku. Ya pili ni matini ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kilwa, yaani kitabu cha faraja kuhusu habari za Kilwa. Nakala iliyobaki ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19. John Kirk, balozi wa Uingereza, aliipata kwa Sultani Barghash, ikaishia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na S. A. Strong akaichapisha mwaka 1895. Dibaji yake inaahidi milango kumi. Iliyomo ni saba. Mwandishi hatajwi jina, ila yeye mwenyewe anaeleza kuwa alizaliwa mwaka 904 wa Hijra, yaani 1499.

Tarehe hiyo ya kuzaliwa ni ufunguo. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka sita hivi Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa mwezi Julai 1505 na kumtawaza Muhammad Ankoni, mtu asiyekuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu Wareno walipoiacha ngome yao mwaka 1512. Alikua, basi, katika mji ambao swali la nani ana haki ya kutawala liliulizwa kwa panga. Kabla ya hapo pia, kwa miongo kadhaa, maamiri na mawaziri walikuwa wakiwaweka na kuwaondoa masultani wapendavyo. Elias Saad (1979) ameonyesha jinsi mivutano hiyo ya makundi ilivyoathiri orodha za watawala katika matoleo yote mawili.

Kwa hiyo tunapoona kwamba Kitabu kinatumia nguvu nyingi kupanga nasaba, kuhesabu miaka ya kila sultani na kumtaja kila aliyenyakua kiti bila haki, tusidhani ni udadisi wa mtu mwenye nafasi. Ni hoja ya kisheria. Na tunapoona kwamba toleo lililomfikia Barros linatofautiana na la Kiarabu katika majina na katika mpangilio, tusikimbilie kusema kwamba mmoja amekosea kunakili. Huenda kila toleo lilikuwa ni wakili wa upande wake.

Panya, vitambaa na Muriri wa Bari

Tutazame sasa mlango wa asili. Kwa mujibu wa matini ya Kiarabu, mfalme wa Shirazi aliota panya mwenye mdomo wa chuma akitoboa kuta za mji, akaifasiri ndoto hiyo kuwa ni dalili ya maangamizi. Akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba, kila moja likatia nanga mahali pake: miongoni mwa mahali hapo ni Mombasa, Kisiwa cha Kijani yaani Pemba, Kilwa na Nzuwani. Katika Barros hakuna panya. Kuna kijana Ali, mtoto wa mfalme wa Shirazi kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, aliyedharauliwa na ndugu zake sita, akasafiri kutoka Hormuz kutafuta mahali ambapo hatakuwa mdogo wa mtu. Matoleo yote mawili yanakutana kwenye jambo moja: kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Katika lile la Kiarabu, mwenyeji alidai vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote, akapewa, akahamia bara.

Mhakiki wa fasihi atazitambua motifu hizi mara moja. Idadi ya saba ni idadi ya ukamilifu: haituhesabii majahazi, inatuambia kwamba miji yote iliyotajwa ni ndugu. Biashara ya nguo nayo ni hati ya ardhi. Inasema kwamba kisiwa hakikutekwa. Kililipiwa, na mwenyeji aliridhika. Kwa wazao wa wanunuzi, huo ndio msingi wa haki. Na tukumbuke kwamba nguo ilikuwa kweli bidhaa kuu ya biashara ya bahari hii, kama dhahabu ilivyokuwa kwa Msaksoni wa Widukind. Kila jamii hununua asili yake kwa sarafu inayoijua.

Hata hivyo, lililo muhimu kuliko yote katika mlango huu limefichika katika sentensi chache. Kitabu kinasema kwamba Washirazi walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari pamoja na jamaa zake, na kwamba inasemekana yeye ndiye aliyejenga msikiti uliokuwapo. Jina hilo linabeba kiunganishi cha Kibantu ndani ya matini ya Kiarabu. Habari hii haimfaidii mwandishi hata kidogo. Anayetaka kuwatukuza Washirazi kama waleta dini na mji hana sababu ya kubuni Mwislamu aliyewatangulia mwenye jina la huku na msikiti wake. Kanuni ya zamani ya mahakama inatufaa hapa: ushahidi unaomwumiza anayeutoa una uzito kuliko ule unaompamba. Kwa maoni yetu Muriri wa Bari ni mabaki ya simulizi kongwe zaidi, iliyokuwa inajulikana mno mjini hata mwandishi asiweze kuifuta.

Sarafu, udongo na jeni

Hoja iliyotangulia ni ya matini pekee. Je, nje ya matini kuna linaloiunga mkono? Historia ya mjadala huu ina somo kwa kila mtafiti mwenye haraka ya kuhukumu.

Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa, aliandika mwaka 1965 kwamba nasaba ya Washirazi haikuweza kuanza katika karne ya 10 kama ilivyodhaniwa kutokana na tarihi. Kwa kufuata tabaka za udongo na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, aliiweka takriban mwaka 1200. Kwa karibu miaka ishirini wengi waliona kwamba udongo umeishinda karatasi. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha, baadhi zikiwa na jina hilohilo la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwepo dinari za dhahabu kutoka ng’ambo, na ya mwisho kati ya hizo ni ya karne ya 11. Tarehe ya Chittick ikalazimika kurudishwa nyuma zaidi ya karne moja, kuelekea kule ambako tarihi ilikuwa imeashiria. Inafaa wanafasihi wajue pia kwamba maandishi ya sarafu hizo za Pwani yana vina: upande mmoja unamalizikia kwa sauti inayoitikiwa na jina la mtawala upande wa pili. Watawala hao walitunga hata kwenye fedha.

Lakini udongo haukuipa tarihi ushindi kamili. Uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha mji uliokua hatua kwa hatua tangu karne ya 8, kutoka nyumba za miti na udongo na msikiti mdogo wa miti hadi majengo ya matumbawe. Nao Derek Nurse na Thomas Spear (1985) walionyesha kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiswahili ni Kibantu katika mizizi na muundo wake. Mji na lugha havikushuka kutoka jahazini. Muriri wa Bari alikuwapo, kwa jina hilo au kwa jingine.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi wa aina mpya. Utafiti wa jeni za watu waliozikwa katika miji ya Pwani kati ya takriban 1250 na 1800, uliochapishwa katika jarida la Nature, uligundua kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, iliyopitia zaidi kwa akina mama, na ya Kiasia, iliyopitia zaidi kwa akina baba, na kwamba sehemu kubwa ya hiyo ya Kiasia ilitoka Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Wapo waliotangaza kwamba tarihi imethibitishwa. Tahadhari inahitajika. Wengi wa waliopimwa walizikwa mahali pa heshima, na kaburi la tabaka la juu halimsemei mkulima na mvuvi. Tena jeni hazina majina wala majahazi saba. Zinachosema ni kwamba wanaume wa Kiajemi walikuja kweli, wakaoa huku, na watoto wao wakalelewa na akina mama wenye lugha na desturi za huku. Hapa ndipo inapotupasa kurudi kwenye matini. Katika matoleo yote mawili orodha ya watawala inapita kwa akina baba, na akina mama karibu hawasikiki. Tarihi haikudanganya kuhusu Uajemi. Ilinyamaza kuhusu nusu nyingine ya ukoo. Kunyamaza huko ni uamuzi wa mwandishi, na uamuzi wa mwandishi ndio mada yetu.

Kutoka Abu al-Mawahib hadi al-Mirati

Jan Vansina (1985) ameeleza kwamba mapokeo simulizi huwa na habari nyingi za mwanzo na habari nyingi za juzi, huku katikati pakiwa pembamba. Kitabu cha Kilwa kina umbo hilohilo: baada ya hekaya ya asili hufuata majina na miaka mitupu, kisha habari huanza kunenepa. Tunapofika karne ya 14 tunaweza kumhoji mwandishi mbele ya mashahidi wengine. Kitabu kinamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aitwaye Abu al-Mawahib, na nduguye Daud. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo kwa jina hilo, akaeleza ukarimu wake, na akamtaja pia Daud aliyemrithi. Kitabu kinasema msikiti mkuu ulianguka na kujengwa upya baadaye. Magofu yenyewe yanaonyesha ujenzi huo wa pili wa karne ya 15. Hapa mwandishi anasimama imara.

Mfano wa mwisho ni mzuri kwa sababu mwandishi anakosea, na kosa lake lina thamani kuliko usahihi. Akisimulia kuja kwa Wareno mwaka 1498, anasema nahodha wao alikuwa na jina al-Mirati. Hilo si jina la mtu. Ni cheo cha Vasco da Gama, almirante, neno ambalo Wareno wenyewe walilirithi kutoka Kiarabu amir. Neno lilitoka kwa Waarabu, likazunguka Ulaya, likarudi Kilwa likiwa mgeni asiyetambuliwa na jamaa zake. Zaidi ya hayo, da Gama alipewa cheo hicho baada ya kurudi kutoka safari yake ya kwanza. Katika safari hiyo ya kwanza hakutia nanga Kilwa. Alikuja Kilwa mwaka 1502, akiwa amekwisha kuwa almirante, akautoza mji kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Ni wazi kwamba kumbukumbu ya 1502 imeirudia ile ya 1498 na kuipa jina. Mji haukukumbuka mgeni wa kwanza aliyepita mbali. Ulikumbuka cheo alichokitamka yule aliyeelekeza mizinga. Mwanahistoria anayetafuta tarehe ataandika hapa “kosa.” Mhakiki ataona jinsi hofu ilivyopanga upya wakati.

Pate kwa mlinganisho

Habari za Pate zinatuonya tusiigeuze njia hii kuwa kanuni kavu. Matoleo yaliyochapishwa na Stigand (1913), Werner (1915) na wengine, na baadaye kukusanywa na Marina Tolmacheva (1993), yanatokana kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, maarufu kama Bwana Kitini. Inasemekana kitabu cha asili kilipotea Waingereza walipoushambulia Witu mwaka 1890. Kwa hiyo tulicho nacho ni kumbukumbu ya mwana wa ukoo ulionyang’anywa dola. Si ajabu kwamba ndani yake Pate ya kale inatawala mwambao hadi Kilwa. Chittick (1969) aliitilia shaka tarehe ya 1204 ya kuwasili kwa Wanabahani na ukuu wa mji wenyewe katika karne hizo. Lakini Thomas Wilson na Athman Lali Omar (1997) walipochimbua Pate walikuta tabaka za kale zaidi ya alivyodhani. Mji ni wa kale, nasaba inabaki na mashaka: mambo mawili yaliyofungwa pamoja na msimulizi, na ambayo msomaji anapaswa kuyafungua.

Hitimisho

Kutoka uchambuzi huu tunapendekeza utaratibu wa hatua tatu. Kwanza, tarihi isomwe kama hoja ya wakati wake, kwa kuuliza inamtetea nani. Pili, zitafutwe sentensi zinazokwenda kinyume na hoja hiyo, kwa maana ndizo zenye umri mkubwa zaidi. Tatu, ndipo uitwe ushahidi wa nje, wa sarafu, wa udongo, wa lugha na wa jeni, kila mmoja ukiulizwa swali unaloweza kulijibu.

Utaratibu huu hauishii Pwani. Huku bara, katika nyanda za Uasin Gishu na jirani zake, wazee wa koo mbalimbali za Wakalenjin na za Wabukusu husimulia kwamba babu zao walitoka Misri. Ushahidi wa lugha haumpeleki Mkalenjin kwenye kingo za Nili ya chini. Humwelekeza kwenye mipaka ya Sudan na Ethiopia. Mwanafunzi anayeandika simulizi hiyo kwenye daftari lake la utafiti ana njia mbili rahisi: kuiamini au kuicheka. Iliyo ngumu ni ya tatu, nayo ndiyo kazi ya taaluma yetu: kuuliza neno “Misri” liliingia lini katika simulizi, kwa Biblia ya nani, katika ugomvi gani wa kuheshimiwa, na ni Muriri wa Bari gani amesahauliwa pembeni akingoja kuulizwa.